Madaktari, ubingwa mliuchaguaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, namalizia utarajali (mwaka wa mazoezi baada ya chuo), na fomu ya kuomba ubingwa sijaijaza. Tangu mwaka wa tatu naapa kuwa ni upasuaji tu. Juzi nimeshika retrakta, kile chuma cha kushikilia kidonda kibaki wazi, kwa muda wa saa tano, naona migongo ya wakubwa basi, kidonda chenyewe sikukiona. Waliotangulia, mlichaguaje? Majibu ya kwenye usaili nayajua, naomba yale ya kweli.

Mchangiaji wa 1
Mimi ni wa usingizi, yaani namlaza mgonjwa na kumsimamia pumzi wakati anapasuliwa, na sikuwa hata nawaza huko. Siku moja thieta (chumba cha upasuaji) bingwa akanipa barakoa na mfuko: mgonjwa kashapewa dawa, hapumui mwenyewe, pumzi yake iko mkononi mwangu. Oksijeni ikaanza kushuka. Akanirekebisha vidole tu: "Inua taya ije kwenye barakoa, usiikandamize barakoa usoni." Ikapanda. Fiziolojia niliyoikariri kwa ajili ya mtihani nikaiona inatembea. Sikulala siku ile.
Ubaya wake? Mgonjwa akizinduka anamshukuru aliyempasua. Mama yangu mpaka leo anauliza nitakuwa daktari kamili lini. Kama unapenda kushukuriwa, usije.

Mchangiaji wa 2
Ngozi. Nilitaka kulala usiku. Wanaonicheka ndio haohao wananiuliza inbox nafasi zinatoka lini.

Mchangiaji wa 3
Niliipenda wodi ya wazazi kuliko zote, na nikaikimbia. Aliletwa mama ana kifafa cha mimba, tukampa magnesiamu, degedege likatulia, akafanyiwa upasuaji, akatoka na mwanawe. Raha ile sijawahi kuipata tena. Lakini alfajiri nikamkuta bingwa wangu, mtu niliyemhusudu, amelala kwenye kiti na viatu, na saa mbili ana kliniki. Umri wake unanizidi miaka ishirini. Niko patholojia sasa, napima vinyama vya wagonjwa kwa hadubini. Kinyama kwenye slaidi hakikupigii simu saa nane za usiku, ingawa kuandika "saratani" kwa mtu ambaye hutamuona kuna uzito wake.

Mchangiaji wa 4
Mleta mada, retrakta isikutishe, hiyo ni kazi ya tarajali. Mtazame rejista (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa mwisho, maana maisha yake ndiyo unayoyaombea. Halafu mtafute aliyeacha katikati, huyo hana cha kukuuzia.

Mleta mada
Asanteni. Kesho niko thieta tena. Nitaomba nisimame upande wa kichwani, kwa mtu wa usingizi.