Mjadala: Kati ya Vwawa na Tunduma, ni upi uliostahili makao makuu ya Songwe?

Mleta mada

Tangu Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao makuu kuwekwa Vwawa, wapo wasiochoka kudai kwamba nafasi hiyo ilikuwa haki ya Tunduma, wenye biashara kubwa zaidi na ulio mlangoni pa Zambia. Naona wanachanganya mji unaopitiwa na mji unaotegemewa.

Tunduma imekuzwa kwa kiasi kikubwa na foleni ya malori. Dereva anayesubiri nyaraka hula, hulala gesti, hubadilisha fedha, na kila saa anayokaa ni riziki ya mama lishe. Lakini kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kilijengwa makusudi ili dereva huyo asikae. Isitoshe, wateja wa Tunduma wanaovuka kutoka Nakonde, mji wa upande wa Zambia, hawana haja yoyote na ofisi ya mkuu wa mkoa. Mjerumani Walter Christaller, katika utafiti wake wa mwaka 1933 kuhusu miji ya kusini mwa Ujerumani, alipanga madaraja ya miji kwa huduma ambazo kila mmoja unayapa maeneo yanayouzunguka, si kwa wingi wa wakazi pekee.

Tazameni Iringa. Reli ya TAZARA iliipita mbali, na malori ya barabara kuu yanapita chini kule Ipogolo bila kupanda mjini; hata hivyo Iringa haikufa, kwa kuwa watu wanaufuata mji huo kwa shule, hospitali na ofisi.

Mchangiaji

Mleta mada, mfano wako wa Iringa unakupinga. Shule na ofisi hizo zilipelekwa huko na serikali, zikaota mizizi. Mbeya nayo ilianza kukua miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa; dhahabu ilipopungua, ofisi na barabara ndizo zilizoubakiza mji. Kama kweli foleni ya Tunduma itakwisha, basi hiyo ndiyo sababu ya kuupa mji ule kitu cha kubaki nacho. Na unapozungumzia wanaotegemea, mwananchi wa Wilaya ya Ileje anayetoka Itumba hutokea Mpemba, pua na mdomo na Tunduma, kisha analazimika kurudi nyuma, kuelekea Mbeya, hadi Vwawa kufuata saini.

Mleta mada

Kuhusu Ileje nakubali, na Wilaya ya Momba pia. Ila mtu wa Mkwajuni, kule Wilaya ya Songwe, hutokea Mbalizi, kwenye kizingiti cha Jiji la Mbeya, na tayari kufika Vwawa kwake ni safari; ukimwongezea kipande cha hadi mpakani, atamalizia shida zake zote Mbeya, na mkoa utabaki kwenye karatasi tu. Tunduma ipewe hadhi ya manispaa kwa biashara yake. Hilo halihitaji kuhamisha ofisi hata moja.