Tupeane uzoefu: kokteli tamu za wiski mlizotengeneza nyumbani

Mpishi wa Tegeta:
Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu ya binamu yangu. Baada ya pilau kuisha, akina dada walipitisha vikombe vidogo vya kitu cha rangi ya chai ya maziwa: wiski, krimu, kakao, na kungumanga imekunwa juu. Wazee wa kamati ambao siku zote hudai hawanywi vitu vya sukari waliomba tena. Nikakumbuka enzi za Sinza tulivyokuwa tunahangaika na mambo haya jikoni, mara yatoke, mara yakatike.

Najua humu wapo wengi. Iwe Irish coffee (kahawa ya moto yenye wiski na krimu juu), krimu ya wiski ya kutengeneza mwenyewe, wiski na karameli, wiski na ndizi, chochote kinachokaa mahali pa keki baada ya chakula. Semeni kilichotoka, kilichoharibika na dawa yake. Mimi hasa natafuta jibu la krimu kuzama kwenye kahawa.

Binti Rombo:
Krimu kuzama! Nakazia. Inashuka mpaka chini, unabaki na kahawa ya maziwa yenye harufu ya pombe.

Kahawa Chungu:
Hapo kwenye krimu nina la kusema, maana ndiyo kazi inayonilisha. Nipo Ayalandi, nafanya baa ya hoteli upande wa Limerick, na Irish coffee yenyewe imezaliwa jirani hapa, Foynes. Wakati wa vita vya pili palikuwa na kituo cha ndege za kutua majini. Simulizi ya wenyeji ni kwamba mwaka 1943 ndege iligeuza njiani kwa hali mbaya ya hewa, abiria wakarudi wanatetemeka, na mpishi Joe Sheridan akawatilia wiski kwenye kahawa. Mwaka 1952 mwandishi Stanton Delaplane na Jack Koeppler, mwenye baa ya Buena Vista kule San Francisco, wakajaribu kuiiga. Kilichowashinda ni hichohicho kinachokushinda wewe, krimu ilizama.

Angalia vitu viwili. Kwanza sukari. Kahawa yenye sukari ni nzito na ndiyo inayoibeba krimu, kwa hiyo koroga mpaka chembe zote ziishe kahawa ingali ya moto. Ukiacha sukari kabisa, krimu itakusumbua. Pili, krimu itoke kwenye friji na usiipige mpaka isimame. Ipige hadi ukiinamisha bakuli iteleze taratibu, kisha imiminie mgongoni mwa kijiko kinachogusa uso wa kahawa. Vipimo: kahawa ml 120, wiski ml 50, krimu ml 50, sukari kijiko kimoja cha chai (mimi huweka viwili). Ukishamaliza usikoroge. Ule moto wa kahawa unaupitisha kwenye ubaridi wa krimu, raha yote ipo hapo.

Binti Rombo:
Ubarikiwe. Kumbe ni sukari! Nyumbani tulikuwa tunaipunguza kwa ajili ya mama.

Mjukuu wa Bukoba:
Jaribuni sukari guru badala ya sukari ya dukani. Ikwangue kwa kisu, iyeyushe kwenye kahawa kwanza. Ule utamu wake wa moshimoshi unaelewana sana na wiski.

Toti Mbili:
Wiski gani lakini? Kuna mtu alinitilia ile ya Scotland yenye harufu ya moshi wa mboji kwenye chokoleti, nikaona nimelamba jivu. Kwa vitu vitamu tumia bourbon, wiski ya Marekani. Sheria ya Marekani inataka nafaka yake iwe mahindi si chini ya asilimia 51 na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Vanila na karameli unazozisikia zinatoka kwenye mti huo, hata kabla hujaweka kitu.

Kahawa Chungu:
Bourbon kwenye Irish coffee? Hapana mkuu. Hiyo itakuwa kahawa nyingine.

Toti Mbili:
Mada ni kitindamlo, siyo pasipoti ya wiski.

Mangi Mdogo:
Konyagi je? Wengine ndiyo tuliyonayo kabatini.

Toti Mbili:
Konyagi siyo wiski, haijakaa kwenye pipa. Ukichanganya na krimu na kakao inanyweka, lakini ile ladha ya mbao na vanila hutaipata.

Dada wa Njiro:
Nilikuwa nasoma kimya kimya mpaka nilipoona mleta uzi ameandika "wiski na ndizi". Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Ilikuwa mkesha wa Krismasi, familia nzima iko nyumbani. Shemeji yangu alikuwa ameona kwenye simu ile ndizi ya karameli inayowashwa moto, ile ya New Orleans. Kule wanatumia ramu, yeye akasema ataiwekea wiski, kisha mchuzi wake auchanganye na krimu na barafu iwe kokteli. Ndizi zilikuwa nzuri, ndizi sukari zilizoiva vizuri. Siagi ikayeyuka, sukari ikageuka rangi, nyumba nzima inanukia. Watoto wamejipanga mlangoni.

Jiko ni la gesi na moto uko juu. Badala ya kupima wiski kwenye kikombe, akainamisha chupa nzima juu ya kikaango. Nilisikia sauti moja tu, "fuu!" Ule mwali mwanzoni hata hauuoni vizuri, ni wa bluu, ukazunguka ukingo wa kikaango halafu ukapanda kufuata mkondo wa wiski kuelekea kwenye chupa. Akashtuka, akarudi nyuma na chupa mkononi, wiski ikamwagika kwenye meza ya jiko, na moto nao ukaifuata. Pazia la dirishani lilikuwa la lesi. Lilikwenda kwa muda usiozidi wa kutamka jina lako.

Mume wangu akakimbilia ndoo ya maji. Mama mkwe wangu, mwanamke wa miaka sabini na kitu, alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele. Akapiga kelele moja, "Maji hapana!" Akamwaga mchele chini, sinia lile lile akalifunika juu ya kikaango, akafunga gesi kwenye mtungi, akalivuta pazia kwa khanga aliyoilowesha kwenye beseni la vyombo. Yote hayo sisi wengine tumesimama tumeduwaa.

Shemeji alikuwa ameungua mkono wa kulia, kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko. Karameli ilimrukia na haikutoka, ilimng'ang'ania kwenye ngozi. Hicho ndicho kilichomuumiza zaidi kuliko ule moto wenyewe. Alilala hospitali sikukuu nzima. Leo hii vidole viwili havikunji vizuri na ni fundi cherehani.

Kwa hiyo wanaotaka ndizi na wiski, tafadhali. Zima jiko. Toa kikaango motoni. Wiski ipimwe kwenye kikombe na chupa ikae chumba kingine.

Mpishi wa Tegeta:
Dah. Pole sana dada. Mpe pole shemeji, na mama mkwe nampa heshima yake.

Binti Rombo:
Nimesisimka mwili. Kwa nini alikataza maji lakini?

Dada wa Njiro:
Kwenye kikaango mna siagi na sukari ya moto sana. Ukimwaga maji yanachemka papo hapo na kurusha kila kitu usoni kwako. Mama alishaona mafuta ya maandazi yakiwaka.

Mangi Mdogo:
Pole. Alipakwa dawa ya meno haraka? Inavuta moto.

Sista Zamu ya Usiku:
Hapana! Naomba hili lisomwe na kila mtu. Dawa ya meno, mayai, unga, siagi, vyote vinaharibu kidonda na kutupa kazi ya kuvisugua wakati mgonjwa analia. Ni maji safi ya bomba yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida na siyo barafu, kwa dakika 20. Pete na saa vitoke mapema kabla mkono haujavimba. Karameli iliyoganda usiibandue, mwagia maji juu yake, kisha funika kwa kitambaa safi mwende hospitali.

Mangi Mdogo:
Bibi yangu ametibu watu kwa dawa ya meno na asali miaka yote.

Sista Zamu ya Usiku:
Bibi namheshimu. Wale ambao hawakupona tunawapokea sisi.

Toti Mbili:
Tusiogopane sana lakini. Kuwasha ndizi kuna ladha yake, na kunaondoa ukali wa pombe.

Kahawa Chungu:
Pombe haiondoki hivyo mkuu. Mwali ukizima wenyewe, sehemu kubwa ya kilevi bado imo, karibu robo tatu. Anayemlisha mtoto zile ndizi akidhani pombe imeungua anampa pombe. Mimi nikitaka karameli natengeneza bila moto wowote wa wiski: sukari ikifika rangi ya asali iliyokolea natoa jikoni, natia krimu ya uvuguvugu kidogo kidogo na chumvi kidogo, naacha ipoe, ndipo wiski iingie. Ndizi naisaga kwenye blenda pembeni.

Ustadhi Mpole:
Nimeingia nikidhani ni mapishi ya kawaida. Wengine hatunywi. Poleni kwa ajali.

Mjukuu wa Bukoba:
Karibu ustadhi. Kahawa ya guru, iliki na krimu ya baridi juu bila wiski inakamilika kabisa, na inakaa vizuri na tende.

Ustadhi Mpole:
Hiyo nimeichukua.

Msee wa Umoja:
Sasa nisaidieni na yangu kutoka Nairobi. Nilikuwa na krimu ya wiski ya nyumbani, nikaona niongeze juisi ya pasheni iwe na ladha ya keki ya matunda. Kwa glasi ikashikana mabonge papo hapo. Wageni wamekaa wananiangalia. Krimu ilikuwa mbovu?

Binti Rombo:
Mwaga! Maziwa yaliyokatika hayanywewi.

Kahawa Chungu:
Krimu haikuwa mbovu. Pasheni, ndimu, ukwaju, vyote vina asidi, na asidi inakatisha maziwa. Wapo wanaokatisha kwa makusudi: wanamimina wiski yenye ndimu na sukari kwenye maziwa, wanaacha yakatike, wanachuja taratibu kwa kitambaa cha pamba, wanapata kinywaji cheupe kama maji chenye ulaini wa maziwa. Ni njia ya zamani mno. Benjamin Franklin aliituma kwenye barua mwaka 1763, yeye alitumia brandi.

Binti Rombo:
Bado mimi siwezi kunywa maziwa yaliyokatika. Samahani.

Msee wa Umoja:
Mimi nitajaribu. Na hiyo krimu ya wiski kila mtu anapima vyake, vipimo sahihi ni vipi?

Mpishi wa Tegeta:
Mimi: kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, krimu ml 250, wiski ml 250, kijiko cha chai cha kahawa ya unga inayoyeyuka, vijiko viwili vya kakao, vanila. Kakao na kahawa zikorogwe kwanza na maji ya moto kidogo, vinginevyo zinabaki vidonge. Blenda iende sekunde chache tu, ukizidisha krimu inageuka siagi.

Kahawa Chungu:
Vipimo hivyo vinakupa kilevi cha kama asilimia 12. Baileys, ile krimu ya wiski ya dukani iliyoingia sokoni 1974, ina 17 na imechanganywa kwa mashine za kiwandani, ndiyo maana inakaa kabatini. Ya kwako ikae kwenye friji na iishe ndani ya wiki moja au mbili.

Mama Wawili:
Hapo kwenye friji naomba niongeze. Yetu ilikuwa kwenye chupa ya maziwa, mlango wa friji, haina maandishi. Asubuhi mwanangu wa darasa la pili akajimiminia akidhani maziwa ya chokoleti. Dada wa kazi alinusa glasi akamnyang'anya. Tangu hapo inakaa kwenye chupa yake ya wiski, rafu ya juu kabisa, imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Sista Zamu ya Usiku:
Asante kwa hilo. Na mgeni mjamzito au anayeendesha aambiwe kilichomo kabla hajapokea, utamu unaficha.

Fundi Bomba 77:
Hamjagusa wiski feki. Nilinunua chupa kwa bei ya kutupa duka moja la mtaani, krimu ilificha ladha, kichwa kilinigonga siku mbili na macho yakawa na ukungu. Wa Tanzania pakueni programu ya TRA ya Hakiki Stempu, unaiskani stempu kwenye chupa kabla hujalipa.

Sista Zamu ya Usiku:
Macho kuwa na ukungu baada ya pombe ni hospitali saa ileile. Usisubiri kichwa kitulie.

Mangi Mdogo:
Swali dogo. Tui la nazi linaweza kuchukua nafasi ya krimu? Mke wangu maziwa hayamkubali.

Mjukuu wa Bukoba:
Linaweza. Tui la kwanza, zito, lilale kwenye friji usiku kucha, asubuhi ukombe ule ute mzito wa juu peke yake. Upige na sukari kidogo. Kwenye kahawa ya moto sana linaachia mafuta, kwa hiyo acha kahawa ipoe kidogo kwanza.

Msee wa Umoja:
Na kashata imepondwa juu!

Binti Rombo:
Wakuu, Mwanza krimu ya asilimia 35 inapatikana duka gani? Mbili nilizoingia leo zina ya kupaka keki tu, ile ya mafuta ya mimea.

Kahawa Chungu:
Hiyo ya mimea acha, ina sukari tayari na inakaa juu kama povu, haiteremki mdomoni. Soma nyuma ya boksi, iandikwe maziwa na mafuta si chini ya 30.

Binti Rombo:
Sawa. Kesho napita Rock City.