Moto wa usiku pwani ya Shela: tuuzime vipi?

MjombaWaLangoni: Assalaam aleikum. Jumamosi nawapeleka wapwa zangu 6 tukalale pwani ya Shela hapa Lamu, kule mbele kuelekea Kipungani kusiko na nyumba. Tutachoma samaki. Mwaka jana tulimaliza kula, tukaufukia moto kwa mchanga, tukalala. Alfajiri mtoto wa dada akapita palepale pekupeku. Nyayo zote mbili malengelenge, na mimi kwa kiherehere nikampaka dawa ya meno. Dada hajanisamehe. Nifanyeje safari hii?

NahodhaMstaafu: Waaleikum salaam. Mchanga hauzimi kaa la moto, unalitunza! Linakaa na joto masaa mengi, na juu huoni moshi wala wekundu. Teka maji ya bahari, mimina, koroga kwa kijiti, mimina tena hadi pasilie chwaa. Kisha pima kwa kiganja, jivu na mchanga wa chini yake. Bado pana joto? Rudia.

Na upepo huu wa kusi hutoka baharini, cheche zote zitakimbilia vilima vya mchanga kwenye majani makavu. Chimba shimo, moto uwe mdogo, mlale joshini, upande upepo utokako. Demani, upande upepo uendako, asilale mtu. Ulizia bamvua (maji makuu) pia, maji yasije yakawafuata kitandani.

BiMkubwa_wa_Mkomani: Kuni beba za kwako mwanangu, na makumbi na vifuu vya kuwashia. Usiokote mbao za jahazi bovu, ile rangi ina sumu na samaki ataionja. Mikoko usiiguse. Mafiga nayo, usitoe mawe majini: maji yaliyomo ndani yakichemka jiwe hupasuka, vipande vikaruka usoni.

Daktari_si_mimi: Dawa ya meno, kaka? Mtu akiungua ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Malengelenge usiyapasue. Hospitali kama ni makubwa.

Kasa_Mpole: Mkiona mburuzo mchangani kama wa trekta, kasa kapanda kutaga. Hamieni mbali. Mwanga wa moto huwapoteza makinda wakitafuta bahari.

MjombaWaLangoni: Na petroli kidogo ya boti, kuni zikiwa na umande?

NahodhaMstaafu: Iache botini, na boti iwe mbali.

MjombaWaLangoni: Shukran. Nimemsomea dada yote. Amekubali, ila kiganja cha kupimia anasema kiwe changu.