Naomba ushauri: alumini inapasuka ninapospini masufuria ya pilau, nihamie bati gani?

Kalibu ya Mninga (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina karakana ndogo hapa Gerezani, Dar es Salaam, na siku hizi nimeanza kazi ya kuspini, yaani kuifunga diski ya bati kwenye mashine ya kukereza, kuizungusha na kuikandamiza kwa rola mpaka ikumbatie kalibu na kuwa chombo. Nimepata oda ya masufuria ya pilau kutoka kwa mama mmoja anayepika kwenye shughuli. Ninatumia alumini ya milimita 2, diski yenye kipenyo cha sentimita 60, lakini kila nikifika nusu ya kina, ukingo unapasuka kwa mlio wa kuni kavu. Je, nihamie shaba, stenlesi au bati la mabomba ya maji ya mvua? Siku ya kukabidhi inakaribia na usingizi sina.

Mzee wa Tindo
Kijana, ukitaka heshima, shika shaba nyekundu. Nilifanya kazi Muscat nikikarabati mabirika ya kahawa, na sijaona madini yenye utii kama hayo. Unaipasha mpaka iive wekundu hafifu, unaitumbukiza kwenye maji, nayo inakuwa laini. Ukiikandamiza inakakamaa, unairudisha motoni, na safari inaendelea. Ila kwa chombo cha chakula lazima ndani kipakwe stani, yaani madini meupe laini yanayotenga shaba na chakula, na stani huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu za Selsiasi, kwa hiyo mpishi akilisahau sufuria tupu jikoni, kazi yako yote inakusanyika chini kama shanga. Nilishagombana na tajiri mmoja kwa sababu hiyo hiyo, na mshahara wa mwezi ule sikuupata.

Mpita Njia
Nenda Kariakoo, nunua masufuria ya kiwandani, yafute nembo kwa msasa, ukabidhi. Ushauri huu ni wa bure.

Mwalimu wa Karakana
Ndugu mwanzisha uzi, hakuna alumini iitwayo alumini tu. Inayopendwa kwa kuspini ni ile iliyo karibu kuwa safi, ya namba 1050 au 1100, na iwe na herufi O mwishoni, maana yake imelainishwa kiwandani. Ile ya 3003, iliyotiwa manganizi kidogo, nayo inakubali vizuri na ni imara zaidi kwa sufuria. Ukikuta H na tarakimu kubwa, kwa mfano 5052-H38, au 6061-T6, jua imekakamazwa kwa makusudi. Kukunjamana ukingoni mara nyingi ni kosa la mkono au bati jembamba. Kupasuka mapema ni dalili ya ugumu. Kata ukanda mwembamba, ukunje mpaka pande zigusane: ukipasuka mgongoni, usihangaike na kalibu. Shiti hizi umezinunua zikiwa na karatasi ya maelezo?

Kalibu ya Mninga
Ahsante sana Mwalimu. Karatasi haikuwapo, ila shiti ni nzuri, zimenyooka na hazina kutu. Zina gundi upande mmoja tu, ambayo ninaisugua kwa petroli. Hata hivyo swali langu lilikuwa kuhusu stenlesi na bati la mabomba.

Bint Darajani
Kaka, gundi ya nini? Zima taa, umulike upande huo kwa tochi, kisha utuambie kama haung'ai.

Kalibu ya Mninga
Dada, sikutaka tufike huko kwa sababu hakuhusiani na ufundi. Ni kweli, baadhi zina mabaki ya karatasi inayoakisi mwanga, na moja ina nusu ya mshale wa kona kali. Nilizinunua kwa muuzaji wa vyuma chakavu, akaniambia ni vibao vya barabarani vilivyomaliza muda wake. Mimi sikung'oa kitu barabarani. Shiti zote nimeshazilipa, na fedha ya awali ya mteja ndiyo iliyozilipa, hivyo kusema nizitupe ni rahisi kwa asiyedaiwa.

Abiria wa Usiku
Basi ndugu yetu wewe unapika pilau kwenye kona kali. Binamu yangu aliingia korongoni kwa sababu kibao kilikuwa kimeng'olewa wiki hiyo hiyo, na mpaka leo anatembelea magongo. Anayenunua bila kuuliza ndiye anayemlipa mng'oaji.

Fundi wa Kamukunji
Salamu kutoka Nairobi. Huku Kamukunji sisi tunafua masufuria kwa nyundo, na nyundo inakusamehe kwa sababu unapasikia panapokataa. Mashine haikuambii kitu mpaka ipasue. Marehemu baba alikuwa akigonga shiti kwa kucha kabla ya kulipa, na muuzaji alijua hawezi kumdanganya.

Mwalimu wa Karakana
Nirudi kwenye chuma. Kibao cha barabarani hutengenezwa kwa alumini ngumu ili upepo usikipinde, kwa hiyo kinachokusumbua ndicho sifa yake. Kinaweza kulainishwa: paka sabuni ya mche, pitisha moto taratibu upande wa pili, na sabuni ikigeuka kahawia nyeusi uondoe moto. Usisubiri wekundu, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 au chini zaidi ikiwa na mchanganyiko, bila kukuonyesha rangi yoyote. Lakini hujui kila shiti ina nini ndani yake, na gundi na rangi zikiungua sitaki kuwa karibu, sembuse kula chakula kilichopikwa humo. Stenlesi ya 304 hukakamaa haraka, na wenzo wa mkono kwenye kalibu ya mbao hautaiweza katika unene huo. Bati la mabomba limepakwa zinki, usiliguse kwa chakula: zinki hiyo huyeyuka kwenye ukwaju na nyanya, na walaji hutapika.

Msumeno
Wakuu, mnalishwa hadithi. Kwenye uzi wake wa mwaka jana alisema mashine yake ina sentimita 20 kutoka kitovu cha mzunguko hadi kitanda, yaani reli za chini za mashine. Diski ya sentimita 60 inahitaji zaidi ya 30. Huyu ameitunga, au anataka tu kujua nani humu ananunua vibao.

Kalibu ya Mninga
Kitanda cha mashine hiyo kina kipande cha kutolewa karibu na chaki, kile kishikio kinachozungusha kazi, na ukikitoa linabaki pengo ambamo diski inapita. Aliyewahi kukereza magurudumu ya magari analijua.

Msumeno
Pengo nalijua. Nisichokijua ni petroli inayotoa gundi hiyo kwa kusugua tu. Mimi niliwahi kujaribu kwenye kibao cha duka langu nikashindwa.

Bint Darajani
Hadithi ya kweli au ya uongo, yule mama anajua sufuria lake linatoka wapi?

Kalibu ya Mninga
Hajauliza. Kesho nitanunua shiti moja ya 1050 laini, nimtengenezee sufuria la mfano. Zilizobaki nitazifanyia vivuli vya taa, ambavyo havili mtu.

Mwalimu wa Karakana
Kwa hiyo ya 1050 punguza mwendo wa mashine, paka mafuta mgando, usugue ukingo wa diski uwe laini kabla ya kuanza, na uisukume kwa mapito mengi mafupi, ukienda na kurudi.

Msumeno
Kabla ya vivuli vya taa, weka picha ya ule mshale.