Mawe ya nyongo: kisu cha kawaida hapa karibu, matundu hospitali ya rufaa, au Nairobi?

Binti_Kisauni:
Assalamu alaikum wana jukwaa. Mamangu ana miaka 58, ana sukari, na skani imeonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Akila chakula cha mafuta usiku, maumivu yampanda chini ya mbavu za kulia mpaka mgongoni, atapika, kisha asubuhi yuko sawa kama hakuna lolote. Daktari kasema mfuko utolewe. Hospitali moja hapa Mombasa karibu nasi wako tayari kumpasua wiki ijayo, kisu cha kawaida. Hospitali ya rufaa ya kufundishia wamesema wao hufanya kwa matundu, lakini kuna foleni. Mjomba naye ashikilia twende Nairobi. Mama haogopi kisu, aogopa kufanyiwa na wanafunzi. Nyinyi mngechagua ipi?

Nesi_Thieta:
Waalaikum salaam dada. Pole na mpe mama pole. Ndani ya tumbo kazi ni ile ile, mfuko unatolewa wote. Kinachobadilika ni njia ya kuingilia. Kisu cha kawaida hukata chini ya mbavu za kulia, sentimita 10 hadi 15, na hupita kwenye misuli. Matundu kwa kawaida ni manne, mengine ya milimita 5 tu. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi liinuke, kamera huingia kitovuni, daktari afanya kazi akitazama skrini. Mfuko ukishakatwa hutiwa kwenye kijifuko cha plastiki na kuvutwa nje kupitia tundu moja.

Wengi wa matundu huenda nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Wa kisu hulala siku kadhaa, na kuinua ndoo ya maji husubiri hadi wiki 6. Na huyu ana sukari, kwa hiyo mshono mrefu kushika usaha ni jambo la kuhofia kweli. Ila msishtuke mama akiamka akilalamika bega lamuuma. Ni ile gesi iliyobaki, hukera kiwambo kilicho chini ya mapafu na maumivu huenda kusikika begani. Huisha yenyewe.

Mzee_Tononoka:
Watu wamepasuliwa kwa kisu tangu hatujazaliwa na wakapona. Shemeji yangu aliahidiwa matundu, akatoka thieta na mshono mrefu vile vile. Sasa hiyo tuiite nini?

Dkt_Zamu:
Shikamoo mzee. Huko huitwa kugeuza, na wala si udanganyifu. Mfuko ukiwa umevimba sana na kushikana na viungo jirani, au damu ikawa nyingi, au daktari asione vizuri anachotaka kukata, yuwapaswa kuacha matundu na kufungua. Mimi namwamini zaidi daktari anayekwambia hilo mapema kuliko anayekuapia kwamba halitatokea. Na si jambo la jana: Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hii Ujerumani mwaka 1985, na madaktari wenzake wakampinga vikali. Miaka michache baadaye ilikuwa imeshaenea Ulaya na Marekani.

Lenye uzito, dada, ni mrija mkuu wa nyongo. Ukikatwa kimakosa, mgonjwa ana safari ndefu. Kwa matundu hutokea kwa watu kama 3 hadi 5 katika kila 1,000, juu kidogo ya kisu. Ndiyo maana kabla ya kukata, daktari husafisha mpaka aone vitu viwili tu vikiingia kwenye mfuko, mrija wake mdogo na mshipa wake wa damu. Asipoviona, hakati.

Kuhusu wanafunzi, mwambie mama hivi. Kwenye kisu cha kawaida, anayeona ndani ni yule aliyeinama juu ya tumbo. Kwenye matundu, thieta nzima yaona kwenye skrini mkono unafanya nini, na bingwa aliyesimama pale aweza kusema "simama hapo" kabla mkasi haujafunga. Daktari anayesomea ubingwa mara nyingi huanza kwa kushika kamera. Waulizeni wazi hapo hospitali: nani atashika vyombo, bingwa atakuwa mezani mwanzo hadi mwisho, mwezi mmoja mnafanya ngapi, na mrija ukiumia mnampeleka wapi? Wakikasirika kuulizwa, hapo pia mmepata jibu.

Mama_Shani:
Jaribuni kwanza mafuta ya zeituni na ndimu. Jirani yangu alikunywa, mawe ya kijani yakatoka chooni, nimeyaona kwa macho yangu!

Dkt_Zamu:
Mama Shani, uliyoyaona ni mafuta yenyewe yaliyogandiana na juisi za tumbo yakawa kama sabuni. Mpelekeni jirani akapige skani tena, mtayakuta mawe yapo pale pale.

Fundi_Changamwe:
Nairobi nilimpeleka baba kwa ngiri. Kwenda si shida, shida ni kurudi. Treni ya SGR karibu saa tano, ufike Miritini usiku, bado matatu. Halafu kliniki ya kuangalia mshono wasafiri tena. Pia hakikisheni SHA, bima ya afya ya serikali, iko hai, maana tusioajiriwa twalipa ya mwaka mzima, na upasuaji wataka idhini kabla. Ulizeni ni vifaa gani havimo. Mahali pengine (sitaji) tulitumwa dukani dakika za mwisho.

Dkt_Zamu:
Na nyongo ikivuja, dalili zaweza kuja siku kadhaa baadaye, wakati mama yuko Kisauni na aliyempasua yuko Nairobi. Mimi ningechagua rufaa hapa hapa, ila kwa sharti: tarehe mpewe, msiachwe na "tutawapigia". Sukari yataka matundu, lakini yataka pia msikawie, maana mfuko ukishika usaha kwa mtu wa sukari huharibika upesi. Akipata homa, macho ya manjano, au maumivu yasiyoachia kwa saa nyingi, foleni imekwisha, nendeni kwenye dharura usiku huo huo. Wakisema ni kisu, kubalini.

Binti_Kisauni:
Shukran sana. Mama amekubali rufaa baada ya kusikia habari ya skrini, asema atamuuliza bingwa mwenyewe. Jumatatu nafuata tarehe. Mjomba amenuna, atapoa.

Nesi_Thieta:
Vizuri. Beba karatasi ya skani mkononi, usiwaachie wao kuitafuta. Na uliza mapema kuhusu dawa za sukari: asubuhi ya upasuaji atakuwa amefunga tangu usiku, akimeza vidonge kama kawaida sukari yaweza kushuka kabla hata hajaitwa jina.