Naomba ushauri: kikundi chetu cha dagaa kinataka tokeni yake

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma, natoa dagaa Kibirizi kupeleka Tabora. Tuna kikundi chetu Telegram, watu kama mia nne. Kinachokiweka hai ni wale wachache wanaoamka alfajiri, wanapiga picha ya dagaa walioanikwa mchangani na kuandika bei ya sado. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, na kikundi nacho kinalala.

Sasa admini, kijana wa hapo Ujiji, anataka tuwe na tokeni yetu, yaani sarafu ya kidijitali ya kikundi, inayotunzwa kwenye simu janja. Ukileta bei ya kweli unapewa, ukitaka kutangaza mzigo unalipia kwa tokeni. Anasema siku zijazo kila kikundi kitakuwa nayo. Mpaka hapo namwelewa. Ila anataka kila mtu atangulize elfu ishirini "kuipa thamani". Hapo ndipo moyo unasita.

Nimesomasoma. Mtandao wa Reddit walianza kugawa kwa wanavikundi wao tokeni walizoziita pointi za jamii mwaka 2020, zikiwemo Moons, na 2023 wakatangaza kuzifunga, bei ikaporomoka. Benki Kuu yetu ilishasema 2019 kwamba sarafu za kidijitali kama Bitcoin si fedha halali nchini, lakini tangu 2024 mauzo ya mali za kidijitali, sarafu hizo zikiwemo, yanakatwa kodi asilimia 3. Haitambuliki, ila inakatwa!

Mliowahi kushiriki kitu kama hiki, je, tuanze na pointi za daftarini tu, bila hela ya mtu? Na mama yule mwenye kitochi, anayetutajia bei kwa kupiga simu, tokeni yake ataiweka wapi? Admini anataka jibu Jumapili.