Mint 22: kioo cheusi, na nikiweka nomodeset projekta haionekani

mwl_chake (Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum jamaani. Linux ndiyo kwanza naianza, nivumilieni.

Mashine ni Acer Aspire E5-575G, Core i5-7200U, RAM GB 8, kadi mbili za grafiki: Intel HD 620 na NVIDIA GeForce 940MX. Nimeinstoli Linux Mint 22 Cinnamon kwa fleshi, Windows nimeifuta yote. Kuiwasha mara ya kwanza, nembo ya Mint ikaja, kisha kioo cheusi tii, feni tu ndiyo inazunguka. Nikasoma mahali kwamba dawa yake ni nomodeset, nikaiandika ndani ya /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB (menyu ya kuwashia), na kupiga sudo update-grub. Picha ikapatikana, lakini kioo kimekwama 1024x768 na chenyewe ni 1920x1080, vitufe vya mwangaza havifanyi kitu, video inakatakata, na projekta ya skuli kwa HDMI haionekani kabisa.

Nikaingia Driver Manager, nikachagua nvidia-driver-535. Ikaniomba paswedi mpya, nikaweka. Ilipojiwasha tena ikaja skrini ya buluu, sikuielewa, ikapita yenyewe. Sasa nikipiga nvidia-smi, amri ya kuikagua kadi ya NVIDIA:

`NVIDIA-SMI has failed because it couldn't communicate with the NVIDIA driver.`

Kadi imekufa? Nirudishe Windows?

---

fundi_mchangani (Mjini, Unguja)

Waalaykum salaam mwalimu. Kadi nzima, na Windows usiirudishe. Yako ni matatizo mawili yaliyopandana, na moja limeletwa na hiyo dawa yenyewe.

nomodeset huzuia draiva za grafiki kukiendesha kioo, na haichagui. Iliyokuwa ikigandisha mashine, kwa dalili hizi, ni nouveau, yaani draiva huria ya kadi za NVIDIA. Wewe umeizima hiyo pamoja na i915, draiva ya Intel, ambayo haikuwa na kosa lolote. Na kwenye laptopu za kadi mbili namna hii, kioo kimeungwa kwa Intel. Kwa hiyo sasa unatazama picha ya msingi iliyoachwa na BIOS, na kila kitu kinachorwa na prosesa. Mwangaza hauna wa kuuendesha na HDMI hakuna anayeijua. Jihakikishie:

`sudo apt install mesa-utils`
`glxinfo -B | grep renderer`

Ukiona neno llvmpipe, ndiyo hivyo, prosesa imebeba mzigo wa kadi.

Usihariri faili kwanza, jaribu kwa muda. Zima, washa, na nembo ya Acer ikitoweka gusa Esc mara moja (ukiigusa mara mbili utaangukia kwenye `grub>`, hapo andika normal, Enter, kisha Esc tena). Menyu ikija bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa nomodeset, mahali pake andika:

`nouveau.modeset=0`

Kisha F10. Mabadiliko haya hudumu kwa kuwasha huko kumoja tu, kwa hiyo ukikosea hupotezi kitu. Hapo Intel inafanya kazi yake na nouveau inakaa kando. Kioo kikija kizima, ndipo ufungue /etc/default/grub, mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT uwe `"quiet splash nouveau.modeset=0"`, kisha sudo update-grub. Hii hatua ya mwisho wengi huisahau, halafu wanashangaa mbona faili limebadilika na mashine iko vilevile.

Ukimaliza tuletee majibu ya hizi:

`mokutil --sb-state`
`sudo modprobe nvidia`
`dkms status`

---

mwl_chake

Ahsante sana fundi. Kioo kimekaa sawa, 1920x1080, mwangaza unapanda na kushuka. glxinfo sasa inasema Mesa Intel HD Graphics 620. Majibu mengine:

`SecureBoot enabled`
`modprobe: ERROR: could not insert 'nvidia': Key was rejected by service`

dkms status inaonesha nvidia/535 na mwisho wa mstari neno installed.

---

karafuu_kernel (Wete)

Ewaa. Basi ile skrini ya buluu ndiyo iliyokuwa mlango. Draiva ya NVIDIA hujengwa humo humo ndani ya mashine yako (dkms ndiyo inayoijenga, na hilo "installed" lina maana imejengeka vizuri) kisha husainiwa kwa ufunguo ulioundwa hapo hapo. Secure Boot, ulinzi unaokubali tu programu zilizosainiwa kwa ufunguo unaoujua, haiujui ufunguo huo mpaka wewe mwenyewe uuidhinishe mbele ya mashine. Skrini ya buluu hungoja sekunde 10 tu, ikipita bila kuguswa, kerneli (kiini cha Linux) inaikataa draiva. Irudishe:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Itaomba paswedi mara mbili. Weka herufi ndogo na tarakimu tupu, kuanzia 8 hadi 16, mana kule kwenye buluu kibodi ni ya Kimarekani na alama zinaweza kuhama. Washa upya, na ikitokea buluu bonyeza kitufe chochote upesi: Enroll MOK (MOK ni huo ufunguo wako), Continue, Yes, paswedi ile, Reboot. Paswedi hii ni ya mara moja, haihusiani na ya kuingilia Mint.

Lakini yakhe, kwa kazi ya skuli, ya nini hiyo NVIDIA? Projekta, LibreOffice na video, Intel 620 inavibeba vyote. Mimi ningeing'oa tu nikapumzika.

---

fundi_mchangani

Karafuu, kuing'oa kuna mtego. Akipiga apt purge kwa vifurushi vya nvidia, linaondoka na lile faili, lililokuja na draiva, linaloizuia nouveau. Asipokuwa na nouveau.modeset=0 kwenye GRUB, kioo cheusi kinarudi siku hiyo hiyo. Akiwa nayo, kadi inabaki bila draiva, na kadi isiyo na draiva haina wa kuizima: inakula betri na kutoa joto bure, na joto la huku tunalijua. Ni nafuu draiva ibaki, kisha aiambie mashine itumie Intel peke yake:

`sudo prime-select intel`

Kadi inalala. Siku akitaka Blender au gemu anaweka on-demand (NVIDIA itumike inapohitajika tu) na kuwasha upya.

Kuhusu Secure Boot, wapo watakaokwambia mwalimu uizime tu. Inawezekana, ila kwenye Acer nyingi mstari huo ndani ya BIOS (F2) umefifia, haubonyezeki mpaka uweke Supervisor Password kwanza. Watu huiweka, huisahau, na BIOS inafungwa. Njia ya MOK ni ya dakika mbili na haina msiba huo.

Na tafadhali usipakue lile faili la .run la tovuti ya NVIDIA. Litagongana na vifurushi vya Mint, na kerneli ikisasishwa umerudi kwenye giza.

---

karafuu_kernel

La prime-select nimelikubali, la nguvu ya kadi sikulifikiria.

Jambo la umeme na bando, kwa atakayeiinstoli upya: draiva hii ni mamia ya MB. Ipakue kwanza peke yake kwa `sudo apt-get install --download-only nvidia-driver-535`. Bando likikatika inaendelea ilipoishia. Na ukitumia apt-get, mafaili yanabaki /var/cache/apt/archives, unaweza kumgaia mwenzako mwenye Mint 22 kwa fleshi. Umeme ukikatika katikati ya kuinstoli na betri haishiki, usianze upya:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Intaneti ya simu kwa waya wa USB (tethering) kwa kawaida Mint inaikubali bila kuinstoli chochote.

---

mwl_chake

Nimefanya MOK, safari hii sikuiacha ipite. nvidia-smi imetoa jedwali, GeForce 940MX imo. Kisha nikaweka prime-select intel, na feni imetulia. Lakini projekta bado. Nimechomeka HDMI, kimya.

---

fundi_mchangani

Piga hii waya ukiwa umechomekwa na projekta imewaka:

`grep . /sys/class/drm/*/status`

HDMI ikisema disconnected, mashine haioni kitu mwisho wa waya: badilisha waya, au chagua HDMI kwa rimoti ya projekta. Ikisema connected, ni mpangilio tu, bonyeza Super+P (Super ni kile kitufe cha Windows). Ikiwa HDMI haimo kabisa kwenye orodha, tundu limeungwa kwa NVIDIA, rudi on-demand.

---

mwl_chake

card1-HDMI-A-1: disconnected. Nimeazima waya mwingine, connected, picha iko ukutani. Ule wa zamani una pini moja iliyolala, ukiumulika na tochi unaiona.